Kifua Changu na Miezi ya Baridi Shela

Tarehe tano mwezi wa sita. Umande umeganda juu ya majani ya viazi, bomba la uani limegoma kutoa maji, na ukungu umelificha zizi ambalo siku zote naliona nikiwa kitandani. Asubuhi ya namna hiyo ndiyo niliyoondoka Makete kwenda kukaa Lamu, nchi ya watu, mpaka baridi ipite.

Akina mama wa kwaya, mmeniuliza sana. Kila mmoja nimemsimulia kipande, na nasikia vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Mama Sifa anasema nilikamatwa na polisi. Mama Upendo anasema niliunguza nyumba ya mtu. Nimeona heri niandike yote mara moja, mpokezane. Mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza mawazo yakiwa shambani, kwa hiyo nikienda mbele nikarudi nyuma mnivumilie. Polisi hawakunikamata. Habari ya nyumba mtaisoma.

Mambo ya pasi na foleni za mpakani nayaruka, hayana ladha. Sababu ya safari mnaijua. Mwaka jana kipupwe kilinilaza hospitali mpaka mkaanza kuniimbia nyimbo za kuaga, msikatae, nilisikia. Daktari akamwambia Baba Neema kwamba kifua hiki kikikutana na baridi nyingine ya namna ile, yeye hana la kuahidi. Binti yetu Neema anafanya kazi ya upishi huko Lamu. Akasema, mama aje akae kwangu miezi yote ya baridi, huku hakuna anayejua sweta. Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Nikishindwa kukaa huko, nitarudi katikati ya baridi ileile, na sote tulijua maana yake.

Makete hadi Dar es Salaam

Nilivaa sweta tatu, koti la Baba Neema, soksi mbili kila mguu, na skafu ya sufu niliyoizungusha kichwani nikabakiza macho. Kwenye basi nilikaa na mzee mmoja fundi seremala aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu wake Dar. Mpaka Iringa hatukuwa tumeongea, naona alidhani mimi ni mgonjwa wa kuambukiza.

Kwenye mteremko wa Kitonga lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara. Tukashushwa. Tulikaa pale mpaka watu wakaanza kujuana kwa majina na kugawana mahindi ya kuchoma. Jua likawaka. Nikavua koti. Tulipoondoka na kufika bonde la Ruaha, nikavua sweta ya kwanza. Mikumi, ya pili, na soksi za juu.

Yule mzee akanitazama, akasema, "Mama, unajimenya kama kitunguu. Utabakiwa na kitu ukifika Dar?"

Nikamjibu, "Baba, ukiona nimefika kwenye kiini, geuka dirishani."

Basi zima la nyuma lilicheka. Lakini skafu sikuivua. Niliogopa upepo wa dirishani, na nilikuwa na haki ya kuogopa, maana kila kikohozi nilichokohoa mwaka jana kilianza na upepo.

Mombasa na maharage yasiyo maharage

Dar nililala kwa kaka yangu Mbagala, kisha safari ya Tanga na mpaka, na kesho yake alfajiri nikawa Mombasa nangoja basi la Lamu. Nikaingia hotelini kunywa chai. Mhudumu akaniletea mahamri na bakuli la mbaazi zinazoelea kwenye tui zito la nazi.

Nikamwita. "Mwanangu, umekosea meza. Hiki ni chakula cha mchana cha mtu."

"La, mama, ni chako."

"Mimi nimeomba kifungua kinywa."

"Ndicho hicho."

Nilikirudisha hata hivyo, nikala mahamri makavu. Nisimseme vibaya yule dada, alinirudishia bakuli mara ya pili kwa upole, akasema nionje tu. Nikaonja. Tangu siku hiyo nawaonea huruma wanaokunywa chai na mkate mtupu.

Mombasa hadi Mokowe

Basi la Lamu huenda mchana, na njiani askari hukagua mara kwa mara. Kila kizuizi abiria hushuka, hupanga mstari juani, huonyesha vitambulisho, hupanda tena. Jirani yangu alikuwa mama wa Kikuyu anaitwa Njoki, anauza nguo za watoto Amu, ndivyo wanavyouita mji wenyewe wa Lamu. Mwanamke mchangamfu, alinigawia ndizi, na mimi nikamgawia karanga.

Nikamuuliza watu wa huko wakoje.

"Wako sawa," akasema. "Mimi nimezaliwa huku huku, lakini mpaka leo wananiita mtu wa bara. Sikasiriki. Wewe usijali, utazoea."

Alisema kwa nia njema. Lakini neno lile "wa bara" lilinikaa kama mwiba wa samaki, na mbele mtaona lilivyonifanya.

Kizuizi cha tatu au cha nne, askari mmoja mrefu aliomba kufungua mzigo wangu. Ndani kulikuwa na kifurushi cha gazeti kimefungwa kwa kamba. Akakifungua. Majani makavu.

"Mama, hii ni nini?"

"Majani, baba."

"Naona ni majani. Ya nini?"

Watu wakasogea pembeni kidogo, kama mtu anayepisha ng'ombe asiyemjua. Njoki akaninong'oneza, "Mami, jieleze haraka, jua ni kali."

"Ni mikaratusi, baba. Nina kifua. Ninachemsha, najifunika blanketi, najifukiza."

Askari akachukua jani, akalivunja, akanusa. Akanusa tena, akafumba macho. "Hii si ile blugamu? Kwetu Nyandarua mamangu alikuwa anatuchemshia hii kila tukipata homa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezibwa pua.

"Na wewe una mafua," nikamwambia.

"Tangu Jumapili, mama. Jua lote hili na mafua."

Nikamgawia gao moja. Hakuwa na pa kuyaweka, akavua kofia akayaweka humo, akaendelea kukagua wengine kichwa wazi. Mama Sifa, huko ndiko kukamatwa kwangu.

Maji ya kuvuka

Mokowe barabara inakwisha. Mbele ni maji. Neema alikuwa amekuja kunipokea, tukakumbatiana, nikalia kidogo, naye akanivua skafu kwa nguvu, nami nikaivaa tena.

Nahodha wa boti, Bwana Athman, alinipa mkono. "Mama, kanyaga katikati. Usiangalie maji, niangalie mimi."

"Na wewe ukianguka?"

"Basi tuangalie wote wawili juu."

Kusi, ule upepo wa kusini wa miezi hiyo, lilikuwa limechafuka. Mawimbi yalipiga ubavu wa boti na maji yakaturukia, nikalowa mpaka kifuani. Nilishika shati la Bwana Athman mpaka kifungo kikatoka, na kifungo hicho nilikitafuta sakafuni mwa boti nikamrudishia, maana kilikuwa mali yake. Kutoka Amu tukapanda boti nyingine mpaka Shela. Huko magari hakuna. Mizigo yangu ilitangulia juu ya punda, na mimi nikafuata nyuma ya punda kama mtu anayesindikiza jeneza lake mwenyewe.

Chumba cha chini

Neema amepanga vyumba vya chini katika nyumba ya mawe ya mama mmoja mjane, Bi Zuhura, ambaye mwenyewe anakaa juu na mkaza mwanawe Mwanaisha. Ukuta mnene kama wa kanisa letu, na ndani ya ukuta wamechonga vishubaka vya kuwekea vikombe. Nje ya mlango wa mbele kuna kibaraza kilichofunikwa, chenye benchi za mawe pande mbili. Wanakiita daka.

Bi Zuhura alitupokea pale dakani. Ni mama wa umri wangu, mwembamba, mwenye macho ya kupima kitambaa. "Karibu, mamake Neema. Nyumba ni yako, na mlango u wazi." Nikadhani ni maneno ya adabu tu, kama sisi tunavyosema "karibu tena" kwa mtu tunayemwombea asirudi.

Kazi ya Neema iko Ras Kitau, ng'ambo ya maji, kwenye nyumba ya wageni. Huvuka alfajiri, hurudi magharibi. Kutwa nzima nilikuwa peke yangu.

Asubuhi ya kwanza upepo ulikuja ukiteremka kichochoroni, ukaingia mlangoni, ukanipiga kifuani. Nyie mnajua kwetu mtoto akiacha mlango wazi mwezi wa sita anafanywa nini. Nikafunga mlango, nikatia komeo. Nikafunga na madirisha. Nikazungusha skafu masikioni. Nikakaa kitandani nikijisifu kwa busara yangu.

Siku zikapita. Nikawa nasikia ndala za watu zikipita, vicheko, mtu akimwita mwenzake, halafu kimya. Hakuna aliyekuja. Kwetu mgeni akiingia jioni, mpaka asubuhi amekwisha kuchoka kusalimiwa. Huko, hata mmoja. Nilipokutana na Bi Zuhura kisimani, ua wa nyuma, alisema "Sabalkheri" huku anageuka, akapanda ngazi zake.

Niliandika mambo mabaya siku zile kwenye daftari langu. Niliandika kwamba watu hawa hawataki Mkristo, kwamba Njoki alisema kweli, wa bara ni wa bara, kwamba uzuri wao ni wa barazani, sio wa moyoni. Nayataja ili mjue nilivyofikiri. Sisemi kwamba yalikuwa kweli.

Na kifua, badala ya kupona, kikazidi. Kikaanza ule mluzi wake. Neema akirudi ananikuta nimekaa wima kitandani, chumba kimefungwa, hewa nzito kama ndani ya kibuyu. Yeye alidhani nimefunga kwa sababu jua limekuchwa. Sikumwambia kwamba hali ni hiyo kutwa. Sikuona kama ni jambo la kusema.

Jioni moja nikamwambia, "Nirudishe nyumbani."

"Mama, baba amesema bomba limepasuka kwa barafu. Unarudi sasa hivi kufanya nini?"

"Kufa kati ya watu wanaonisalimia."

Halikuwa neno la kumwambia mtoto aliyekuosha miguu dakika ile. Aliendelea kukamua kitambaa kilichokwisha kukauka. Mwishoni akasema, "Jumamosi basi. Nitakupandisha basi la Jumamosi."

Moshi

Alhamisi, mchana mweupe, niliamua kujifukiza vizuri nipate nguvu ya safari. Nikawasha jiko la mkaa mle mle chumbani, nikabandika sufuria ya majani yangu, madirisha yamefungwa, mlango una komeo, nikajifunika blanketi zito mimi na sufuria na jiko. Kwetu ndivyo tunavyofanya, na nyumba zetu za mbao zina nyufa za kutolea hewa. Zile za mawe hazina. Hilo sikulijua.

Mkaa ulikuwa mbichi. Moshi ukatafuta pa kutokea, ukapata tundu la dari, ukapanda kwa Bi Zuhura.

Mimi kichwa kilikuwa kimeanza kuwa chepesi, nikadhani dawa inafanya kazi. Nikasikia kwa mbali mlango wa uani ukipigwa kikumbo.

"Ya Rabbi, nyumba yaungua! Mwanaisha, leta mai!"

Na kabla sijajifunua, ndoo nzima ya maji ya kisima ilinimwagikia kichwani. Blanketi, sufuria, jiko, skafu, mimi. Mwanaisha ni binti mwenye mkono wa nguvu. Kisha nikavutwa miguu kama mbuzi mpaka nje, komeo likafunguliwa, nikaketishwa dakani kwenye jua, natiririka maji, upepo wa kusi unanipiga kifuani bila huruma. Nikasema moyoni, ndio mwisho, Baba Neema oa mwingine.

Bi Zuhura alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. Watu wa huko husema "yua" kwa jua, "mtana" kwa mchana, "ndia" kwa njia. Ninaandika nilivyosikia, na pakiwa na kosa, ni la masikio yangu.

"Haya niambie, bibi. Wapika nini chini ya blanketi?"

"Kifua," nikasema.

"Kifua cha ng'ombe?"

"Changu."

Akanitazama. Akaingia ndani, akatoka na majani machache yaliyolowa, akayanusa. "Wajifukiza." Sauti ikapoa. "Mbona sisi pia twafukiza. Udi, ubani, mtu akiwa na mafua. Lakini twafungua dirisha, mwana wa watu. Ungekufa humo, nami ningewaambia nini? Kwamba mpangaji wangu amejikausha kama papa?"

Mwanaisha alikuwa ameziba mdomo kwa ushungi, mabega yanamtikisika.

Nikakasirika. Nilikuwa nimelowa, na mtu aliyelowa hana adabu. Nikamwambia kwamba ningekufa nisingekuwa na wa kuniona, maana tangu nifike hakuna aliyenibishia hodi. Nikasema yote, na lile la Ukristo, na lile la bara.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi benchi ya pili, taratibu, kama mtu anayekaa barazani kwa kesi.

"Siku ya pili nalikuja hapa," akasema, "na bakuli la mbaazi mkononi. Nikaita hodi. Nikaita tena. Nikaita mpaka mbaazi zikapoa. Nikasikia wakohoa ndani, hunijibu."

"Sikusikia. Nilikuwa nimefunga skafu masikioni."

"Skafu. Shela." Akamgeukia Mwanaisha. "Wasikia? Skafu." Akanirudia. "Na mlango umetia komeo, mtana. Hapa mlango wa ndia hufunguliwa asubuhi, ukafungwa usiku. Ukifungwa mtana, watu hunena wenyewe wamesafiri, au hawataki mtu. Neema hufunga kwa kuwa yuko kazini, sawa. Wewe u ndani, umefunga. Mtaa mzima ukanena, bibi huyu wa bara atuogopa. Adhani tutamsilimisha kwa mbaazi."

Hapo nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilitoka na kikohozi pamoja, na kikohozi kile kikatoa kitu ambacho mluzi wote wa juma lile haukukitoa. Nikavuta pumzi. Ikaingia. Nikavuta nyingine, kuhakikisha.

"Kwetu," nikamwambia, "anayefunga mlango ndiye mwenye akili."

"Huko kwenu kwenye barafu, sawa. Hapa anayefunga mlango huwafungia watu nje."

Kwa haki, yeye naye aliomba radhi. Alisema angepaswa kurudi mara ya pili na kupita mlango wa uani, kwamba alinuna haraka, na kununa si adabu kwa mgeni. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo.

Mwanaisha akauegemeza mlango kwa jiwe. Sijabadilisha hata nguo, mama wa kwanza akawa amekwisha kufika dakani, halafu wawili, halafu sikuweza kuhesabu. Kila mmoja alitaka kumwona bibi aliyejipika. Bi Zuhura aliisimulia hadithi kila mara upya, na kila mara ndoo ya maji ilikuwa kubwa zaidi. Walileta sahani, zimefunikwa kwa kawa, yale makawa ya ukili yenye ncha kama kofia. Samaki, mikate ya mofa, kaimati.

Neema aliporudi magharibi alikuta mlango wazi, ndala zimejaa kizingitini, na ndani kicheko. Alisimama nje. Akaangalia nyumba ya kulia, akaangalia ya kushoto. Baadaye aliniambia alidhani nimekufa na watu wamekuja matangani, kisha akasikia sauti yangu ikibishana na mtu juu ya namna ya kukaanga vitunguu.

Sahani za watu hazirudi tupu, hilo ni huko na ni kwetu. Kesho yake nikapika viazi na njegere, vile vya kwetu, mafuta kidogo na chumvi. Bi Zuhura akaonja.

"Chakula cha mgonjwa," akasema. Kisha akamaliza sahani yote, akasema angemaliza haraka zaidi kama ingekuwa na nazi.

Jumamosi basi liliondoka Mokowe. Hakuna aliyelitaja. Neema alinitazama asubuhi, nikamwambia akichelewa boti yake itamwacha, akaenda.

Shela hadi Amu kwa miguu

Yaliyofuata ni mengi na ni madogo. Nililala dirisha wazi. Siku ya kwanza niliomba sana kabla ya kulala. Nikaanza kutembea asubuhi, mpaka msikiti wenye mnara, halafu mpaka ufukweni, halafu mpaka mwanzo wa milima ya mchanga. Sijui kilichoniponya ni kipi. Daktari atasema hewa. Mimi nadhani hewa ilifanya kazi yake, na kuongea kutwa nzima nako kukafanya kazi yake, maana mwenye kuongea na akina mama wa Shela lazima avute pumzi ndefu la sivyo hapati zamu.

Mwezi wa nane ulipokuwa unaelekea mwisho, Jumapili moja nikasema nitakwenda kanisani Amu kwa miguu, kando ya maji. Siku zote nilikuwa nakwenda kwa boti.

Bi Zuhura akacheka kwa pua. "Huwezi. Utaketi njiani kama gunia."

"Nikiketi, nitapika jioni. Nisipoketi, utapika wewe."

"Nitajuaje kwamba hukuketi?"

"Tuongozane."

Sikutegemea angekubali. Alivaa buibui lake, akafunga viatu, tukatoka maji yakiwa yamekupwa. Nilitembea. Upepo wa kusi ulikuwa mgongoni, unanisukuma kama mtoto anayetaka ufike haraka. Nilikuwa nasikiliza kifua changu kila hatua, nangoja ule mluzi. Haukuja. Tukapita kwenye maboti yanayopakwa rangi, tukapita punda wamesimama wamelala, Bi Zuhura anasalimia watu na kuwaeleza kwamba huyu ni mgeni wake na kwamba muda si mrefu ataketi.

Karibu na mji, aliketi yeye. Juu ya ukuta mdogo wa bahari.

"Sijaketi," akasema. "Nafunga kiatu."

"Kiatu hakina kamba, Bi Zuhura."

"Ndiyo nashangaa."

Lazima niseme kwa haki, ana goti bovu, na alikuwa amelificha ndia nzima ili nisipate kisingizio cha kupumzika. Nikasimama kando yake. Sikuketi. Nikatoa simu nikampigia Baba Neema, maana pale mtandao ni mzuri.

"Haloo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mkeo."

"Ongea tena," akasema.

Nikamwambia nimetembea kutoka Shela. Nikamwambia habari za maji, za punda, za goti la mtu nisiyemtaja, sentensi moja baada ya nyingine, ndefu, bila kukatiza kukohoa. Ndiyo sababu hakunijua. Miaka minne amezoea sauti inayokatika katikati ya neno. Mwishoni nikamuuliza kama yupo.

"Nipo," akasema, na sauti yake ndiyo iliyokatika. "Viazi tumechimba vyote. Baridi imeanza kulegea. Lakini kaa. Kaa mpaka umalize."

Nikasema nitakaa mpaka nimalize.

Kanisani nilifika wakati wa wimbo wa pili. Bi Zuhura alinisubiri kwa shoga yake, na tulirudi Shela kwa boti kwa ajili ya goti, sio kwa ajili yangu, na hilo nataka lieleweke.

Alipika yeye, kama tulivyokubaliana, ingawa mimi nilikuna nazi. Neema alirudi mapema. Tukala dakani, sisi wanne, kwenye mkeka mmoja: wali wa nazi, samaki changu wa kupaka aliyebanikwa mpaka ngozi ikapasuka, mchicha, pilipili ya embe mbichi, na mwishoni ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui na iliki. Mwanaisha aliongeza wali mara mbili. Mimi mara tatu.